Viti vya Karatasi

Kila mwaka theluji ya Buffalo inapochakaa na kugeuka rangi ya majivu, kuna chama fulani cha wafanyabiashara kinachomkumbuka Arlene Dudek. Humwita asubuhi na mapema kwenye hoteli ya karibu na uwanja wa ndege, humpa kipaza sauti kabla watu hawajamaliza mayai yao, na humwomba awaeleze biashara ijifunze nini kutoka jukwaani. Arlene ana umri wa miaka karibu themanini na sauti ya mtu aliyevuta sigara ujana wake wote. Huwaambia wanachotaka kusikia. Mjueni mteja. Pazia likishafunguka, limefunguka. Mwandishi ni mtu wa kulelewa, mfadhili ni mtu wa kupendwa. Nao huandika! Wanaume wazima, wenye saa za bei mbaya mkononi, huinama na kuandika kwamba mfadhili ni mtu wa kupendwa.

Akirudi nyumbani kwake Cheektowaga, Arlene huvua viatu, hukaa kitandani na kujitukana kwa Kipolandi, lugha ya mama yake, kwa sababu matusi ya Kiingereza humtoka bila uchungu. Anayowaambia wale watu si uongo. Ni maji ya kuoshea vyombo tu. Alichojifunza kweli katika kazi ya kutayarisha michezo ya kuigiza hajawahi kukisema mbele ya mayai ya mtu. Alikijua kwa kosa moja, na kosa lenyewe lilimmeza mwandishi bora kuliko wote waliowahi kupita mikononi mwake.

Mwandishi huyo aliitwa Cormac Tiernan. Ameshakufa. Lakini miaka michache iliyopita dada yake alipanda ngazi ile mbovu ya Arlene akiwa amekumbatia bahasha nene, akasema, "Alikuwa anauandika upya mchezo wake mpaka mwisho. Mimi sina pa kuupeleka. Wewe unapo." Tangu siku hiyo Arlene ana haja moja tu duniani: mchezo wa Cormac urudi jukwaani, katika ukumbi uleule ulioangukia, yeye akiwa bado na macho ya kuuona.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala. Zamani manispaa iliweka humo chumvi ya kumwaga barabarani wakati wa theluji. Walipolihama, Arlene, msichana wa mashine ya chapa aliyependa michezo ya kuigiza kuliko mshahara wake, alilikodi. Alilisugua yeye na marafiki zake, akafunga viti vilivyong'olewa kwenye sinema iliyobomolewa, akaliacha na jina lake, Ghala la Chumvi. Chumvi haikuisha. Ilikuwa inajitokeza ukutani kila kiangazi, na waigizaji walizoea kuionja midomoni hata siku ambazo hakuna aliyetakiwa kulia.

Yeye alikuwa mtayarishaji. Haandiki, haigizi, hamwelekezi mtu asimame wapi. Yeye ndiye anayekwenda kuomba mbao, anayempigia simu fundi umeme aliyenuna, anayemfuta machozi mwigizaji chooni na kumwambia dakika tano zimebaki. Mchezo ukipendeza watu humpongeza mwandishi. Ukianguka humwuliza mtayarishaji alikuwa wapi. Arlene aliipenda kazi hiyo kupita kiasi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Cormac alikuja wakati viwanda vya chuma vya kando ya ziwa vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Alikuwa mtu wa tanuru, mtoto wa mtu wa tanuru, mwenye alama za kuungua mikononi na aibu ya msichana wa kwaya. Mchezo wake aliuleta ndani ya mfuko wa mkate. Uliitwa Wanawake wa Lango la Pili. Ulihusu wake za wafanyakazi waliokuwa wakisimama langoni siku ya mshahara ili wawadake waume zao kabla baa hazijawadaka. Arlene aliusoma amesimama jikoni, na pierogi, maandazi ya Kipolandi yenye viazi ndani, alizokuwa anakaanga zikawa makaa.

"Nani mwingine amesoma hii?" alimwuliza kwenye simu.

"Hakuna. Mama, lakini yeye hajui kusoma vizuri."

"Alisemaje?"

"Alisema nimemwiga shangazi yangu kupita kiasi, na nikitaka kuishi nisimwalike."

Sehemu ya kwanza ilikuwa moto. Sehemu ya pili ilichechemea. Mume mmoja anakufa kiwandani, na wanawake wanaongea, wanaongea, wanaongea, shangazi hasa, mpaka unatamani marehemu ainuke awanyamazishe. Arlene aliliona hilo mara ya kwanza tu aliposoma. Hakuogopa. Kazi yao ina dawa yake. Kabla ya usiku rasmi wa kuufungua, mchezo huonyeshwa siku kadhaa kwa watu wa kawaida, na siku hizo ni za kusikiliza. Mwandishi hukaa nyuma gizani. Anasikia wapi wanakohoa, wapi kiti kinalia, wapi mama fulani ameanza kufungua pipi. Kesho yake anakata. Hakuna mwalimu mwingine, na huyo hamtungii mtu sifa.

Shida ni kwamba tiketi hazikununuliwa. Nani wa kununua, mji mzima ukiwa umesimama kwenye foleni ya wasio na kazi? Na wiki ileile Bibi Winifred Ashdown alituma salamu kwamba atapita kuangalia. Familia yake ndiyo iliyotengeneza matangi ya kuchemshia maji katika nusu ya nyumba za Buffalo. Akipenda anachokiona, alisema, Ghala halitakuwa na wasiwasi tena maisha yake yote. Arlene alivitazama viti vitupu kama bibi harusi anayekagua meno yake kwenye kioo na kukuta mapengo.

Watu wa kazi ile wana neno lao, nalo ni karatasi. Karatasi ni mtu aliyeingizwa bure ili kiti kisikae wazi. Kila ukumbi una karatasi zake, na kila mtayarishaji atakuapia kwamba hana. Lakini Arlene alikuwa bingwa. Alijua wa kuwapigia: wauguzi, wazimamoto, vijana wa seminari. Ni watu wa zamu, wanaoshukuru, wanaocheka kwa kifua na hawaulizi maswali. Tiketi zao zilitobolewa tundu dogo pembeni ili karani wa mlangoni asizichanganye na za watu waliolipa. Na hakuwakalisha pamoja kamwe, kwa sababu hilo ni kosa la washamba. Ukiwaweka pamoja, upande mmoja utacheka na mwingine utazubaa, na mgeni mwenye macho atajua. Yeye aliwatawanya, mmoja hapa, mmoja kule, kama chumvi kwenye mchuzi.

"Kapteni," alimwambia mkuu wa kituo cha zimamoto, "una vijana gani wasio na zamu Alhamisi?"

"Ninao wengi tu. Lakini Arlene, hawa hawajui michezo ya kuigiza. Wanajua magongo ya barafuni, basi."

"Kucheka wanajua?"

"Wakishiba."

"Basi walishe kwanza, bwana, halafu niletee."

Ukumbi ukajaa. Kuanzia siku ya kwanza ya majaribio, kila kiti. Karatasi zilicheka, zikalia, zikapiga makofi mpaka vumbi la chumvi likadondoka kutoka darini. Kwenye sehemu ya pili, pale shangazi anapohubiri bila kituo, hakuna aliyekohoa. Mtu aliyelishwa bure na kukaribishwa kwa heshima hawezi kukohoa mbele ya mwenyeji wake. Atakibana kikohozi hadi kimtoe machozi, na wewe uliyeko nyuma ya pazia utadhani analia kwa uchungu wa mchezo.

Cormac alikuwa nyuma ya pazia. Alimshika Arlene mkono kwa nguvu mpaka pete ikamwumiza.

"Unawasikia? Arlene, unawasikia? Hata kwa shangazi wametulia!"

Mwelekezaji, mwanamke mkavu aliyetoka Toronto, alikuja baadaye na penseli. "Cormac, sehemu ya pili ni ndefu. Mtoe shangazi. Nipe ukimya mahali pale."

"Nimtoe? Umewasikia watu wewe, au ulikuwa umelala? Mwulize Arlene. Arlene, mwambie. Wameupenda, hawajaupenda?"

Penseli ikasubiri. Arlene alikuwa anafikiria Bibi Ashdown, aliyekuwa anakuja kesho yake, na alijua mwandishi aliyevunjika moyo huwaambukiza waigizaji wote kabla ya chakula cha jioni.

"Wametulia kweli," alisema.

Kila neno lilikuwa la kweli. Mwelekezaji akarudisha penseli mfukoni, shangazi akabaki na hotuba zake, na mambo yakaisha pale, ingawa ilichukua majuma kadhaa mchezo wenyewe kutambua kwamba umekufa.

Usiku wa kufungua wakaja waandishi wa magazeti, ambao hawakulishwa na mtu. Mmoja aliandika kwamba sehemu ya kwanza ingelifanya jiwe litoe jasho, na sehemu ya pili ilimkumbusha kusubiri basi siku ya Jumapili. Wengine hawakuwa wapole kiasi hicho. Watu wa Buffalo nao walikuwa wameshaambiana kwamba Ghala la Chumvi ni bure, ukiwa na shemeji nesi. Kwa nini utoe mfukoni? Subiri simu.

Na Bibi Ashdown? Alikuja, alikaa katikati, alitazama kulia na kushoto zaidi kuliko alivyotazama mbele. Alipotoka alimbusu Arlene mashavu yote mawili.

"Hongera, mpenzi. Hakuna hata kiti kitupu! Na mimi nilikuwa nawahangaikia, kumbe mko vizuri kunizidi."

"Bibi Ashdown, ukweli ni kwamba sisi bado..."

"Hapana, hapana, usinishukuru. Mimi huwasaidia wenye shida. Hivi unajua twiga wetu wa bustani ya wanyama hawana nyumba ya kujikinga na baridi? Maskini, na zile shingo!"

Twiga wakajengewa nyumba. Ipo hadi leo, nzuri sana, na Arlene hajawahi kukanyaga pale hata alipokuwa na wapwa wadogo wa kuwapeleka.

Tangazo la kufunga lilibandikwa ubaoni karibu na mlango wa waigizaji, kama desturi ilivyo. Jioni ileile Cormac alikwenda baa kunywa na huzuni yake, akakutana na kijana wa zimamoto aliyemtambua na kumnunulia bia. Mchezo mzuri, kaka, yule kijana alimwambia. Halafu bure, nani akatae? Sisi kituo kizima tulipelekwa.

Alimkuta Arlene amekaa peke yake jukwaani, kwenye ile meza ya kuigizia.

"Walikuwa wangapi?"

"Cormac, kila ukumbi unafanya hivyo."

"Sijakuuliza habari za kila ukumbi. Waliolipa walikuwa wangapi?"

"Wachache."

"Wachache." Alivuta kiti, lakini hakukaa. "Mimi nilikuwa kwenye tanuru, Arlene. Chuma kikiwa na ufa unakigonga kwa nyundo, chenyewe kinakwambia. Hata mpumbavu anasikia. Wewe uliniziba masikio. Nikatoka na chuma chenye ufa mbele ya mji mzima, nikiwa nimevaa tai ya baba yangu."

"Nilitaka kukulinda."

"Ulitaka kulinda ghala lako. Sema tu. Angalau uniambie hilo."

Hakusema. Angesema, pengine yule mtu angebaki. Arlene amelifikiria jambo hilo miaka yote hii, na linamchoma vilevile kila mara. Cormac alihamia Erie, akapata kazi ya kuendesha gari la kusukuma theluji, na hakumpa mtu yeyote mchezo mwingine. Arlene naye hakukaa sana. Kamati ya ukumbi ilisema wanahitaji mtu anayejua mahesabu, akapewa maua na kijisahani cha fedha. Ndipo Bibi Ashdown akafa, na ikagundulika kuwa kwenye wosia wake alilikumbuka Ghala, maadamu sasa liko chini ya watu wanaoaminika. Leo lina uso wa vioo na mkahawa wa kahawa chungu, na kuta zimepakwa rangi maalumu isiyopitisha chumvi.

Anayeliendesha ni Preston Hale, mwanamume wa miaka hamsini anayejiita kijana, mwenye meno mengi na kumbukumbu nzuri ya majina ya watoto wa matajiri. Arlene alimpelekea mchezo wa Cormac kila msimu tangu aupate. Sehemu ya pili ilikuwa imezaliwa upya. Shangazi ameondoka. Mume amekufa, wanawake wako langoni, king'ora cha kiwanda kilichotakiwa kulia hakilii, nao wanasimama kimya kwa muda mrefu, mrefu kuliko mtu anavyoweza kuvumilia. Basi. Arlene aliusoma tena amesimama, na safari hii hakukuwa na kitu jikoni cha kuungua, akalia tu. Preston kila msimu alijibu vilevile: "Tutazungumza, Arlene. Lazima tuzungumze."

Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili simu ililia akiwa anakula samaki wake wa kukaanga. Kesho mchana Ghala lilikuwa linaadhimisha nusu karne kwa chakula cha wafadhili, sauti changamfu ilisema, na Preston angefurahi sana kumwona. Yeye ni familia.

"Kesho? Kesho hii?"

"Ndiyo, mama. Uvae kitu chenye rangi, kama unacho. Kutakuwa na picha."

"Preston amesema tutazungumza?"

"Nina hakika atapata nafasi ya kukusalimia."

Mtu mwingine angealikwa leo kwa shughuli ya kesho, Arlene angemcheka. Lakini haja ikimshika mtu huwa inamlaza ubongo. Usiku alipiga pasi koti lake jekundu. Asubuhi alitia mchezo wa Cormac kwenye mkoba, akaanza hata kujaribu maneno mbele ya kioo, kwamba Cormac Tiernan alikuwa mtu wa mji huu, na kwamba yeye, Arlene, alimkosea.

Mlangoni alipewa kadi yenye namba ya meza. Hakuitazama sana, miwani ilikuwa ndani ya mkoba. Meza zilipangwa ndani ya ukumbi palepale viti vya sinema vilipokuwa, vitambaa vyeupe, glasi zinazometa, na juu ya jukwaa picha kubwa ya Bibi Ashdown akitabasamu kama aliyekwisha kulishwa. Meza ya Arlene ilikuwa katikati, kati ya mama mmoja wa benki na mumewe. Kiti kimoja mbele yake kilikuwa na jina la mtu ambaye hakutokea. Alikikalia mzee mnene mwenye koti la bluu lililombana kwapani.

"Gus Mancuso," alijitambulisha mzee. "Zimamoto, nimestaafu. Usiniulize habari za sanaa, nimefuata kuku."

"Ni samaki," mama wa benki alimrekebisha.

"Eh! Basi nimedanganywa." Arlene alipompa pole akamgeukia, akainua kidole. "Subiri kwanza. Sauti hiyo naijua. Ongea tena."

"Niongee nini?"

"Ndiye! Wewe ndiye yule dada wa tiketi za bure! Ulikuwa unampigia kapteni wetu, simu napokea mimi. 'Walishe kwanza, bwana, halafu niletee.' Tulilisema neno lile kituoni miaka na miaka!" Alicheka mpaka glasi zikagongana. "Bado wanafanya vilevile, unaona? Jana simu imepigwa chama chetu cha wastaafu. Njooni, vaeni rangi rangi, video ikiisha pigeni makofi kwa nguvu. Nikasema mimi hiyo kazi nina ujuzi nayo."

Mama wa benki aliangalia sahani yake. Arlene alitabasamu, tabasamu la mtu wa kazi anayekutana na ufundi wake mikononi mwa wengine. Kadi ya Gus ilikuwa imeegemea glasi yake. Pembeni ilikuwa na tundu dogo. Maskini karatasi wangu, aliwaza, hata tundu hawajabadilisha.

"Ule mchezo wa wanawake langoni," Gus aliendelea, sauti imeshuka, "ule sikuusahau. Baba mkwe wangu alifia pale, lango la pili hasa. Nilirudi dirishani nikanunue tiketi, unajua, kwa pesa yangu, nimlete mke wangu na mama yake. Nilirudi mara mbili."

"Ukazinunua?"

"Wapi! Waliniambia kumejaa. Kila siku kumejaa. Nikamwambia mke wangu, unaona, mchezo mzuri watu kama sisi hatupati nafasi."

Alisema bila kinyongo, akamega mkate. Arlene aliweka uma chini. Alizijua nyuso zote zilizokuwa zimekalia viti vile siku Gus aliposimama dirishani, maana ni yeye aliyeziweka pale. Mjane, binti wa marehemu, mkwe mwenye pesa mkononi, wote wameachwa nje kwenye baridi ili kijana wa seminari apate mahali pa kubana kikohozi chake. Hakulijua hili. Miaka yote ya kujitukana kitandani, na hili hakulijua. Alitaka kumwambia Gus samahani, lakini neno lilikuwa dogo mno.

Badala yake aliingiza mkono mkobani akatoa miwani, akaivaa, akaichukua kadi yake.

Lilikuwepo. Tundu dogo, safi, pembeni.

Alilipitishia ukucha. Alitazama meza ile: wa benki, karatasi, wa benki, karatasi. Meza ya pili vilevile, mama mwenye gauni la manjano kati ya watu wawili wa bima, dhahiri ni muuguzi, alikuwa anawakatia wenzake mkate bila kuombwa. Kazi nzuri. Hakuna pengo hata moja.

"Arlene!" Preston alikuwa amefika na meno yake yote, mkono mmoja begani kwake na macho yakiwa meza inayofuata. "Umependeza! Tazama ukumbi ulivyojaa. Si unajivunia?"

"Preston, nimekuja na ule mchezo. Umeusoma?"

"Nimeusoma. Una nguvu. Una nguvu kweli." Alishusha sauti. "Lakini kamati, unajua. Watu wetu siku hizi wanataka kucheka. Ule ukimya wa mwishoni, Arlene, nani atauvumilia? Ila nasikia yale mazungumzo yako kwa wafanyabiashara ni dhahabu. Masomo ya jukwaani. Tuyafanye hapa! Lazima tuzungumze."

Akaenda. Gus alikuwa amesikia yote, akajifanya anatafuta chumvi.

Video ikaonyeshwa. Zilipita picha za ghala la zamani, moja ikiwa na mkono na nusu ya bega la Arlene. Kisha Preston akapanda jukwaani, akatangaza michezo ya msimu mpya, yote ya kuchekesha, akatangaza kwamba wajukuu wa Bibi Ashdown, waliokaa mbele palepale, wanafikiria zawadi kubwa kuliko zote. Akafungua mikono na kungoja. Matajiri walikuwa wameshika uma. Matajiri huwa hawaanzi kupiga makofi, hungoja kuona. Palikuwa mahali pa karatasi hasa, na Arlene alipasikia pakifunguka mwilini mwake kabla hapajafunguka ukumbini.

Gus aliinua mikono yake mikubwa, akamtazama yeye, kwa kuwa yeye ndiye anayejua.

"Tupige?"

"Usipige," Arlene alisema. "Safari hii mwache asikie."

Mikono ya Gus ikabaki hewani. Ukimya ukaingia, ukimya wenyewe, ule ambao Cormac alinyimwa. Kiti kimoja kililia. Mtu alikohoa. Juu jukwaani tabasamu la Preston lilianza kutafuta pa kukaa. Arlene aliukaza mkoba kifuani, mchezo ukiwa ndani, akawaza, bado kidogo, bado kidogo tu.

Yule muuguzi wa gauni la manjano akaanza kupiga. Alikuwa ameahidi kwenye simu, na ni mtu wa kutimiza ahadi. Mwenzake wa meza ya nyuma akadakia, kisha wa kushoto, kisha wa benki wakaweka uma zao chini, na ukumbi mzima ukainuka. Gus alimtazama Arlene kwa aibu, akainua mabega, naye akapiga, kwa nguvu, kama alivyoombwa. Wajukuu wa Ashdown waligeuka kuangalia nyuma, wakapenda walichokiona.

Arlene peke yake hakupiga. Alikaa na mikono juu ya mkoba, katikati ya meza yake, katikati ya ukumbi. Kutoka jukwaani hakuna aliyeweza kumwona, na hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Ndiyo maana karatasi hutawanywa.